Kumzoesha simbilisi

Kumzoesha simbilisi ni kumleta simbilisi mpya nyumbani na kumfanya akubali kuishi karibu na binadamu, kula mbele yake na kushikwa bila hofu. Simbilisi (jina la kisayansi: Cavia porcellus) ni mnyama mdogo wa oda ya wagugunaji. Hufugwa kwa ajili ya nyama, kwa utafiti wa kisayansi na kama mnyama kipenzi. Nchini Tanzania anajulikana hasa katika Nyanda za Juu Kusini, eneo ambalo Mkoa wa Songwe na mji wa Tunduma ni sehemu yake.

Kwa kawaida kazi hii huchukua kati ya wiki mbili na wiki sita. Ugumu wake ni kwamba simbilisi akiogopa sana hapigi kelele wala haumi, bali huganda kimya. Watu wengi humwona hivyo wakadhani ameshazoea. Kumbe hofu inaweza kumfanya aache kula, na simbilisi asiyekula kwa siku moja tayari yuko hatarini. Kwa sababu hiyo siku chache za kwanza nyumbani ndizo zinazohitaji uangalifu mkubwa zaidi.

Maelezo ya mnyama

Simbilisi ana mwili mnene, miguu mifupi, masikio madogo na hana mkia unaoonekana. Miguu ya mbele ina vidole vinne kila mmoja na ya nyuma vidole vitatu. Mnyama mzima huwa na uzito wa gramu 700 hadi 1,200, na madume huwa wakubwa kuliko majike. Akitunzwa vizuri huishi miaka 4 hadi 8. Ana meno 20 ambayo hayaachi kukua maisha yake yote, kwa hiyo hulazimika kutafuna nyasi kila siku ili yasagike.

Mimba huchukua siku 59 hadi 72, ambao ni muda mrefu kwa mgugunaji wa ukubwa huu. Watoto huzaliwa wakiwa na manyoya, macho wazi na meno, nao huanza kuonja majani ndani ya siku chache za kwanza. Hata hivyo huendelea kunyonya kwa takriban wiki tatu.

Porini jamaa zake huishi kwa makundi madogo penye nyasi ndefu, huku wakiwindwa na ndege, nyoka na wanyama walao nyama. Simbilisi hana kucha kali wala mbio ndefu. Kinga yake ni kuona mapema, kujificha na kuganda. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, hivyo huona karibu pande zote, pamoja na kitu kinachotokea juu yake. Mkono wa binadamu unaoshuka kutoka juu unafanana kwake na mwewe.

Asili na kuenea

Simbilisi alifugwa kwanza na wakazi wa milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, katika nchi ambazo leo ni Peru, Bolivia, Ekuador na Kolombia, maelfu ya miaka kabla ya Kristo. Mpaka leo ni chakula cha kawaida katika sehemu hizo. Wahispania walimpeleka Ulaya katika karne ya 16, na huko akawa mnyama wa kuchezewa na matajiri. Carl Linnaeus alimpa jina la kisayansi mwaka 1758. Neno porcellus ni la Kilatini na maana yake ni nguruwe mdogo.

Barani Afrika simbilisi wanafugwa katika nchi kadhaa, zikiwemo Kamerun, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Tanzania. Katika Kivu, mashariki mwa Kongo, huitwa dende. Nchini Tanzania huitwa simbilisi, na mahali pengine watu humwita pimbi, ingawa pimbi hasa ni mnyama mwingine wa porini anayeishi kwenye miamba na ambaye si mgugunaji. Katika mikoa ya kusini, kama vile Iringa, simbilisi mara nyingi hukaa jikoni na kulishwa mabaki ya mboga na nyasi, na watunzaji wake wengi ni wanawake na watoto.

Mazingira ya Tunduma na Songwe

Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kugawa Mkoa wa Mbeya, na makao makuu yake yako Vwawa. Tunduma ni mji wa mpakani unaopakana na Nakonde nchini Zambia. Barabara kuu kutoka Dar es Salaam na reli ya TAZARA hupita hapo.

Hali ya hewa ya mkoa haifanani mahali pote, na jambo hili lina uzito kwa simbilisi. Joto linalomfaa ni kati ya nyuzi 18 na 24 za selsiasi. Likizidi nyuzi 27 anaanza kutaabika, na likipanda zaidi anaweza kufa kwa joto kwa sababu hawezi kutoa jasho la kutosha. Tunduma na sehemu kubwa ya Wilaya ya Mbozi ziko kwenye uwanda wa juu wenye baridi kiasi, kwa hiyo zinamfaa. Milima ya Ileje pia ina ubaridi. Sehemu za Wilaya ya Momba na Wilaya ya Songwe zinazoshuka kuelekea bonde la Ziwa Rukwa zina joto kali zaidi, na huko kizimba kinahitaji kivuli cha kudumu na hewa inayopita.

Hata kwenye uwanda wa juu kuna hatari mbili. Ya kwanza ni chumba chenye paa la bati lisilo na dari, ambacho huwaka joto mchana wa miezi ya Septemba hadi Novemba kabla ya mvua. Ya pili ni usiku wa Juni na Julai, ambapo baridi yenye upepo huweza kumletea kichomi. Jiko la kuni huwa na joto la kutosha wakati wa baridi, lakini moshi wake huumiza mapafu ya simbilisi. Chumba cha pembeni kisicho na moshi wala upepo wa moja kwa moja ni bora zaidi.

Maandalizi

Kuchagua mnyama

Simbilisi mzuri wa kununua ana macho maang'avu, pua kavu, manyoya yasiyo na mapengo na sehemu ya nyuma isiyo na kinyesi kilichoganda. Anapumua bila sauti, na akiguswa hukimbia. Anayebaki amejikunyata pembeni wakati wenzake wanakula huenda ni mgonjwa. Asichukuliwe kabla ya kuachishwa kunyonya, yaani kabla ya wiki ya tatu. Wanyama wadogo wa wiki nne hadi nane huzoea haraka kuliko wazima, lakini hata mzima aliyekuwa hashikwi anaweza kuzoea akipewa muda.

Simbilisi ni mnyama wa kundi. Akiwa peke yake hupooza, hula kidogo na huwa mwoga zaidi. Uswisi iliweka kanuni mwaka 2008 inayotaka wanyama wa jamii, simbilisi akiwemo, wasifugwe peke yao. Jozi inayofaa zaidi kwa asiye na uzoefu ni majike wawili waliokua pamoja. Dume na jike wakiwekwa pamoja huzaliana upesi: jike anaweza kubeba mimba akiwa bado na umri wa wiki chache, na tena saa chache tu baada ya kuzaa. Jike anayezaa kwa mara ya kwanza akiwa amevuka umri wa miezi sita au saba huwa katika hatari kubwa, kwa kuwa mifupa ya nyonga yake huenda imeshakaza. Kwa kuwa jinsia ni ngumu kutambua kwa wadogo, inafaa mnunuzi aombe msaada wa mfugaji mzoefu.

Familia inapaswa pia kuamua mapema ikiwa mnyama huyu ni kipenzi au ni wa nyama. Mtoto aliyempa simbilisi jina na kumlisha kwa mkono wake huumia akimkosa bila kuambiwa, na uamuzi huo ni rahisi zaidi kuufanya kabla mnyama hajafika.

Kizimba

Kizimba cha simbilisi wawili kinatakiwa kiwe na sakafu ya angalau mita 1.2 kwa sentimita 60. Fundi seremala anaweza kukitengeneza kwa mbao na wavu wa waya, lakini sakafu yenyewe isiwe ya wavu kwa sababu huchubua nyayo na kuleta vidonda. Sakafu hutandazwa nyasi kavu au maranda makavu. Unga laini wa mbao haufai, kwa kuwa huingia puani.

Ndani yake vinahitajika vitu vitatu: chombo kizito cha chakula kisichopinduka, maji safi na maficho. Maficho yanaweza kuwa boksi dogo la katoni lenye milango miwili, au chungu kilichovunjika kilicholazwa ubavu na kuondolewa makali. Kila mnyama awe na maficho yake ili wasigombane. Wafugaji wapya wengine huondoa maficho wakidhani mnyama atazoea haraka akikosa pa kujificha. Matokeo huwa kinyume: anayejua kwamba anaweza kujificha wakati wowote ndiye anayetoka mapema.

Kizimba kiwe na kifuniko imara dhidi ya paka, mbwa, nguchiro na panya, kwani panya huua watoto wa simbilisi na kuwanyang'anya chakula wazima. Kinapowekwa kwenye miguu, kila mguu unaweza kusimamishwa ndani ya kopo lenye maji ili kuzuia siafu, ambao wanaweza kuua wanyama waliofungiwa kwa usiku mmoja.

Safari ya kuja nyumbani

Simbilisi husafirishwa katika boksi la katoni au tenga dogo lenye matundu ya hewa, likiwa na nyasi nyingi chini na vipande vya tango kwa ajili ya maji. Wawili wanaofahamiana wasafiri katika boksi moja, maana harufu ya mwenzake humtuliza mnyama. Mfuko wa plastiki au kiroba kilichofungwa mdomo haufai hata kwa safari fupi.

Kutoka Mbeya hadi Tunduma ni takriban kilomita 100, na basi husimama mara nyingi njiani. Muda mzuri wa kusafiri ni asubuhi na mapema au jioni. Boksi likae miguuni au mapajani mwa msafiri. Lisiwekwe kwenye buti la gari, juu ya keria wala karibu na injini. Kwenye bodaboda boksi lishikwe na abiria, lisifungwe nyuma kwa mpira, kwa sababu mtikisiko na jua vinaweza kumuua mnyama bila mtu yeyote kugundua.

Siku tatu za kwanza

Mnyama akifika, boksi huwekwa ndani ya kizimba na kufunguliwa ili atoke mwenyewe. Kumtoa kwa mkono ni kumfundisha siku ya kwanza kwamba mkono huleta hofu. Nusu ya kizimba inaweza kufunikwa kwa kanga au kitambaa chepesi.

Kwa siku tatu hivi hapaswi kushikwa wala kuonyeshwa wageni. Kazi ya mfugaji ni kubadilisha maji, kuweka nyasi na mboga kwa saa zilezile kila siku, na kuzungumza kwa sauti ya chini wakati wa kufanya hivyo. Redio, mlango unaogongwa na watoto wanaokimbia huongeza hofu. Chakula kiwe kilekile alichozoea kwa muuzaji, na kipya kiongezwe kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja, kwa kuwa mabadiliko ya ghafla huvuruga tumbo lake.

Katika siku hizi mfugaji huangalia mambo mawili: kama chakula kimepungua na kama kuna kinyesi kipya. Ni kawaida simbilisi mgeni asile mbele ya watu, lakini asubuhi nyasi ziwe zimepungua. Chakula kikibaki vilevile na kinyesi kikakosekana kwa saa 24, hiyo ni dharura na si aibu ya ugeni. Utumbo wa simbilisi hutegemea chakula kinachopita bila kukoma, na ukisimama ni vigumu kuurudisha.

Kama nyumbani kuna simbilisi wengine, mgeni hutengwa kwa wiki mbili hadi tatu katika chumba kingine, na wenyeji huhudumiwa kabla yake ili ugonjwa usienezwe kwa mikono.

Hatua za kumzoesha

Hatua zifuatazo hufuatana, na mnyama ndiye anayeamua lini kuendelea. Akikimbilia maficho katika hatua yoyote, mfugaji hurudi hatua moja nyuma.

1. Kuwapo. Mfugaji hukaa chini karibu na kizimba kwa dakika 10 hadi 15, mara mbili kwa siku, akifanya shughuli tulivu kama kuchambua mboga au kusoma. Kukaa chini ni muhimu, kwa kuwa mtu aliyesimama humwinamia mnyama kama mwindaji.

2. Mkono uliotulia. Mkono huingizwa polepole kwa upande, usawa wa mnyama, na kuachwa umelala juu ya nyasi. Haumfuati. Simbilisi akisogea na kuunusa, mkono haupaswi kushtuka.

3. Chakula mkononi. Jani refu la mchicha au la hindi changa hushikwa ncha moja, na mnyama hula kutoka ncha nyingine. Siku zinavyopita jani hufupishwa. Vidole visinukie chakula, maana huweza kuvionja.

4. Kugusa. Wakati anakula, hupapaswa kwa kidole kimoja shavuni au nyuma ya sikio. Wengi hawapendi kuguswa sehemu ya nyuma ya mwili.

5. Kunyanyua. Hatua hii hufanywa baada ya mnyama kukubali kuguswa kwa siku kadhaa. Mkono mmoja hupita chini ya kifua, mwingine hubeba makalio, na mnyama huletwa mara moja kifuani mwa mfugaji aliyekaa chini. Mara za kwanza zisizidi dakika mbili, kisha arudishwe na apewe chakula.

Kwa mnyama mchanga hatua hizi huweza kukamilika kwa wiki mbili. Kwa aliyewahi kukimbizwa na kushikwa kwa nguvu, huenda ikawa miezi. Wachache hawatapenda kubebwa kamwe, ila hukubali kula mkononi na kuja wakiitwa, na hilo nalo ni kuzoea.

Kutambua hofu na utulivu

Simbilisi hutoa sauti nyingi, na kuzifahamu humwezesha mfugaji kutofautisha mnyama aliyezoea na aliyeganda.

Mlio mrefu na mkali wa «wii, wii» ni wa kuomba chakula. Simbilisi wengi hujifunza kuutoa wakisikia mlango au mfuko wa mboga, na mlio huu ukisikika kwa mara ya kwanza ni dalili nzuri kwamba mgeni amekwisha kuwa mwenyeji. Mngurumo wa chini wenye mwili uliolegea ni wa kuridhika. Kugonganisha meno kwa haraka ni onyo la hasira. Kuruka juu ghafla na kujipindua hewani, hasa kwa wadogo, ni furaha.

Mnyama aliyetulia kweli hutafuna, hunusa, hujisafisha au hujinyoosha akiwa mikononi. Mnyama mwenye hofu hukaza mwili, hutoa macho, hashughuliki na chakula anachopewa na hupumua haraka. Kipimo rahisi ni kumpa jani: anayekula ametulia, na anayekataa anachopenda bado anaogopa na arudishwe kizimbani.

Watoto na simbilisi

Simbilisi ni kati ya wanyama wanaofaa kwa familia zenye watoto, kwa kuwa haumi mara nyingi. Hata hivyo mifupa yake ni myembamba, na kuanguka kutoka mikononi mwa mtoto aliyesimama kunaweza kumvunja mguu au mgongo. Watoto humshika wakiwa wamekaa kwenye mkeka, mtu mzima akiwapo. Hashikwi kwa ngozi ya shingo wala kubanwa tumbo, na jike mwenye mimba kubwa hanyanyuliwi bila sababu.

Mikono inawe kwa sabuni kabla na baada ya kumshika. Simbilisi anaweza kuwaambukiza watu choa na bakteria wa salmonela.

Chakula na vitamini C

Sehemu kubwa ya chakula iwe nyasi, mbichi au kavu, zinazopatikana wakati wote. Majani ya mahindi, maganda mabichi ya mahindi na majani ya tembo yanafaa, pamoja na mboga kama mchicha, matembele na kabichi kidogo. Nyasi za kando ya barabara kuu zinazopitiwa na malori, au za shamba lililopuliziwa dawa, zisitumike. Pumba za mahindi ni nyongeza tu, na zenye uvundo hazifai kabisa, kwa sababu simbilisi hudhuriwa vibaya na sumukuvu.

Kama binadamu, simbilisi hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini. Mwaka 1907 watafiti Axel Holst na Theodor Frølich wa Norwei waliwapa simbilisi chakula cha nafaka pekee wakaona wanapata ugonjwa wa kiseyeye. Ugunduzi huo ulisaidia baadaye kutambuliwa kwa vitamini C yenyewe. Simbilisi anahitaji takriban miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na zaidi kidogo akiwa na mimba.

Gramu 100 za pilipili hoho ya kijani zina takriban miligramu 80, na za mapera hupita miligramu 200. Kipande cha robo ya hoho kwa siku kwa hiyo humtosha mnyama mmoja. Karoti ina vitamini C kidogo mno, na ugali au mboga iliyopikwa haiwezi kuziba pengo hilo. Mapera na matunda mengine yatolewe kwa vipande vidogo kwa sababu ya sukari.

Vyakula vya kuepuka ni majani ya nyanya na ya viazi mviringo, majani ya magimbi, majani mabichi ya muhogo, vitunguu, maharage, na majani au tunda la parachichi. Tahadhari ya parachichi inahitajika zaidi huko Mbozi, ambako miti hiyo hulimwa kwa wingi na matawi yake hukatwa karibu na nyumba.

Afya

Dalili za ukosefu wa vitamini C ni kuchechemea, viungo vilivyovimba, manyoya makavu na fizi zinazovuja damu. Mara nyingi mnyama huyu hulia akishikwa, na mfugaji hudhani amekuwa mkorofi. Simbilisi aliyekuwa amezoea kisha akaanza kukataa kuguswa anapaswa kuchunguzwa kwanza kama ana maumivu.

Kujikuna sana na kupoteza manyoya kwaweza kuwa upele unaoletwa na utitiri. Kupiga chafya na kutoa usaha puani ni dalili za ugonjwa wa mapafu, ambao huua upesi. Sungura hawafai kuchanganywa na simbilisi: wanaweza kubeba bakteria wa aina ya Bordetella bila kuugua, na mateke yao huumiza.

Mgonjwa apelekwe kwa daktari wa mifugo au afisa mifugo wa kata. Vidonge vya binadamu visitumike. Penisilini, ampisilini na amoksilini, hasa zikitolewa kwa mdomo, huua bakteria wenye faida tumboni mwa simbilisi na mara nyingi humuua mnyama mwenyewe ndani ya siku chache.

Simbilisi na chinchila

Chinchila (Chinchilla lanigera) ni jamaa wa mbali wa simbilisi mwenye asili ya milima ya Chile. Aliwindwa kwa ajili ya manyoya yake hata akakaribia kutoweka, na mwaka 1910 Chile, Argentina, Bolivia na Peru zilikubaliana kupiga marufuku uwindaji huo. Wanaofugwa leo wengi wanatokana na kundi dogo ambalo Mathias Chapman alilipeleka Kalifornia, Marekani, mwaka 1923.

Kanuni za kumzoesha zinafanana: kumpa maficho, kungoja na kutoa chakula mkononi. Tofauti ni kwamba chinchila huamka usiku, huruka juu sana na huoga kwa vumbi laini badala ya maji. Akishikwa kwa nguvu huachia kishungi cha manyoya. Pia hastahimili joto la zaidi ya nyuzi 25, hivyo ni mgumu kumfuga kuliko simbilisi katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki.

Sheria

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama nchini Tanzania, pamoja na kuwasafirisha au kuwafungia kwa namna inayowatesa. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inasimamia uingizaji na usafirishaji wa wanyama. Mnyama anayevushwa kati ya Nakonde na Tunduma anahitaji kibali na cheti cha afya kutoka kwa mamlaka za mifugo, hata akiwa mdogo wa kuenea ndani ya boksi. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Tunduma na Nakonde, ambako ukaguzi wa nchi zote mbili hufanyika, kilizinduliwa mwaka 2019.

Tazama pia

Wagugunaji
Sungura
Pimbi
Chinchila
Kiseyeye
Mkoa wa Songwe
Tunduma